Laki Moja na Upindo wa Kanga

Cherehani ya kwanza niliyoinunua ilikuwa na kuku juu yake.

Ilikuwa Muheza, uani kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi nguo kwenye kambi ya mkonge. Meza ya mbao ilikwishaliwa na mchwa upande mmoja, kichwa kimelala ubavu, na pale kati ya shingo ya chuma na bamba la chini kuku alikuwa amejaza majani makavu, akalalia mayai tisa. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua machungwa. Nikaona tu herufi za dhahabu chini ya kinyesi: S, I, N, kisha bawa la kuku.

"Mzee, hii cherehani inauzwa?"

Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya kivuli cha mwembe wake. "Ukiwa na hela, mwalimu, hakuna kisichouzwa. Ila kuku usimguse."

Tukapatana shilingi 40,000. Nikatoa 10,000 ya kishika uchumba, tukaafikiana nije kuichukua vifaranga wakishaanguliwa. Kuku huatamia siku 21, na yule alikuwa amekwishamaliza wiki ya kwanza. Niliporudi, vifaranga walikuwa wanakimbizana uani na bei ilikuwa 90,000. Mdogo wake mzee alikuwa amekuja kutoka Korogwe, dada yao alikuwa amepigiwa simu Dar es Salaam, na imeonekana kwamba cherehani haikuwa ya mzee hata kidogo. Ilikuwa ya marehemu mama yao. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda anajitazama miguu.

Nililipa. Nilinuna njia nzima hadi Tanga, mashine imelala sakafuni mwa daladala na konda ananidai nauli ya mzigo kana kwamba nimebeba maiti. Miaka kumi na moja imepita na hasira imeisha, ila tangu siku ile, kila ninapokwenda kununua cherehani ya zamani, swali langu la kwanza si "bei gani?" Huuliza, "Ilikuwa ya nani?" Kisha nanyamaza. Mtu akijibu "ya mama," nauliza mama ana watoto wangapi na wako wapi, na sitoi hata shilingi moja mpaka nimewasikia wote, hata kwa simu. Mara nyingi kwenye simu hizo ndipo ninapojua mashine ilishona nini: sare za shule za mtaa mzima, mapazia ya harusi ya mtu, nepi za mtoto ambaye sasa ana wajukuu. Haya yote yamo ndani ya bei. Ukidhani unanunua chuma utashangaa kila siku kwa nini chuma cha watu ni ghali hivyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nalitaja hili kwa sababu nalo linaingia kwenye bei. Ukiitwa mwalimu, watu hudhani mshahara wako hauishi, na hudhani pia kwamba huwezi kusema uongo. La kwanza limenigharimu sana. La pili limenisaidia kuliko nilivyostahili.

Cherehani hizi hazikai madukani. Wahenga waliposema mtaka cha uvunguni sharti ainame, sitashangaa nikiambiwa walikuwa wanatafuta Singer. Saba kati ya nilizonazo zilitoka chini ya kitanda, zimefunikwa gunia, na mbele yake kuna ndoo, viatu vya mtoto aliyekwishamaliza chuo, na jembe lisilo na mpini. Nyingine hutoka darini, nyingine jikoni zikiwa zimegeuzwa meza ya masufuria. Na mkoa wetu una hazina yake. Mashamba ya mkonge yalipokuwa na nguvu, katikati ya miaka ya 1960, nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na kambi za wafanyakazi zilikuwa na maduka na mafundi nguo wake. Nailoni ilipoipiga kamba ya mkonge, kambi zikapwaya, mafundi wakarudi makwao na cherehani kichwani. Mjini nako, majumba mengi ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi zilifunga safari, na mafundi waliokuwa wakishona kwenye baraza zao waliachiwa mashine badala ya malimbikizo ya ujira. Nimenunua mbili za namna hiyo. Moja bado ilikuwa na kadi ya sindano ndani ya saraka, bei imeandikwa kwa senti.

Kwa muda nilidhani nimepata njia ya mkato. Vijana wa chuma chakavu hupita na mikokoteni kila mtaa, na wao huingia hadi uani ambako mimi nitasimama mlangoni nikipiga hodi. Nikawaambia: atakayeniletea kichwa cha cherehani nitampa bei ya kilo anayolipwa na mnunuzi mkubwa, na juu yake 5,000. Kichwa kimoja kina kilo kumi na kitu, hivyo hesabu ilinifaa. Wiki ya tatu wakaleta vitatu. Vyote vilikuwa vimeng'olewa mezani kwa nyundo, bawaba zimekatika, kimoja kimepasuka kona ya bamba. Miguu ya chuma ilikwishauzwa kwa mtu anayeunda meza za mikahawa, na mbao zilikuwa kuni. Nilisema "kichwa," wakaleta kichwa. Mimi ndiye niliyewatuma kuchinja.

Siku hizi nawalipa kwa habari tu. Mashine isiguswe, nipigiwe simu, niletewe picha, na 5,000 ni yao hata nisiponunua. Ni ghali kidogo, lakini nalala. (Hiyo miguu ya chuma: niliwahi kula samaki kwenye meza ya namna hiyo katika hoteli moja Unguja. Samaki alikuwa mtamu, lakini mguu wangu ulikanyaga pedeli chakula kizima na hakuna kilichozunguka.)

Kukagua huchukua dakika tano. Zitumie kabla hujaanza kuongea, maana ukianza kuongea bei macho huacha kuona.

Nianzie kwenye gurudumu. Liguse, lisukume kidogo, usilishindilie. Likigoma kama ukuta watu hudhani mashine imekufa, na mwenyewe huamini hivyo pia, ndiyo maana ameiweka uvunguni. Mara nyingi haijafa. Imeganda kwa mafuta ya nazi. Huku pwani mama akikosa mafuta ya cherehani hutia ya nazi, au ya kupikia, na mafuta mengi ya mimea yakikaa miaka kwenye hewa hugeuka gundi. Miaka ishirini ya gundi hiyo kwenye kila kitundu, na mashine itasimama kama iliyochomelewa. Dawa yake ni mafuta ya taa tone kwa tone, joto la drai ya kukaushia nywele ambayo kwangu huazimwa saluni Jumapili jioni, na subira. Ile ya Muheza sikuwa na subira. Niligonga gurudumu kwa ubao, na kilichosikika ndani sikukipenda.

Ninayoiogopa hasa ni ile inayozunguka kirahisi mno. Shika mhimili wa sindano kwa vidole viwili uutikise. Ukichezacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, chuma kimelika, na chuma kilicholika hakirudi kwa drai ya saluni.

Halafu tazama kinachokosekana, na hapo ndipo lazima ujue majina. Singer aina ya 15, ile yenye bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) ya mviringo inayosimama wima upande wa kushoto, ilinakiliwa sana na Wajapani na Wachina. Butterfly zilizojaa barazani kwetu ni ndugu zake. Kwa hiyo 15K ikikosa bobini, kesi ya bobini, hata mhimili wa sindano, usiogope: unakwenda duka la vifaa vya cherehani unarudi na chenji. Lakini 28K ni habari nyingine. Hiyo ni ndogo, ya kuzungusha kwa mkono, na chini yake kuna shato ndefu yenye umbo la mtumbwi inayobeba bobini nyembamba kama njiti na kwenda mbele na nyuma kama pantoni. Shato hiyo ikipotea, madukani kwetu hutaipata. Unabaki na pambo.

Na kuna namba. Iko kulia, imechongwa kwenye bamba, mara nyingi chini ya uchafu. Hiyo K ya 15K na 28K ni Kilbowie, kiwanda cha Clydebank huko Scotland kilichofunguliwa miaka ya 1880 na kufungwa 1980. Namba inayoanza na Y ni ya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 hadi 1935 hivi. Baada ya hapo zikaja herufi mbili zinazoanza na E. Nilikuwa naficha elimu hii. Nilidhani ni silaha yangu. Kisha siku moja Chumbageni mzee mmoja aliniona nikipangusa namba kwa mate na kidole, akaniuliza nasoma nini. Ningeweza kusema "natafuta kutu." Nikamwambia ukweli: mashine hii ilitoka kiwandani kabla ya mji ule kupigwa mabomu na Wajerumani, Machi 1941, siku ambazo yadi ya mbao ya kiwanda hicho iliteketea.

Akanyamaza. "Mimi nimezaliwa arobaini na mbili," akasema. "Kwa hiyo hii ni dada yangu."

Bei ikapanda palepale kutoka 80,000 hadi laki mbili. Mke wake akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuinunua siku ile. Baada ya miezi mitano akanipigia yeye mwenyewe: dada amechoka kukaa gizani, njoo na 120,000. Nilikwenda. Tangu hapo nasema namba kwanza. Si utakatifu, kuna moja niliyoinunua kabla ya hapo, kwa mjane, kwa bei ambayo sitaitaja, na ile bado sijaiuza wala sijaitengeneza. Ipo tu inanitazama.

Kuhusu ufundi wa kupatana bei wenyewe, sina mengi, na nina mashaka na wanaojidai wanayo. Niliambiwa nijifanye sitaki, nigeuke niondoke, nitaitwa. Labda Kariakoo. Tanga ukigeuka kuondoka watu hukuaga vizuri, wanakuombea safari njema, na wanarudi kwenye kahawa yao. Nimewahi kutembea hadi kituo cha daladala nikisubiri kuitwa. Nilipanda daladala. Kilichonisaidia ni vitu vidogo visivyo na fahari: kwenda asubuhi kabla jua halijawachosha watu, kuwa na fedha yote mfukoni kwa noti ndogo, kuhesabu mbele ya familia, na kuandikishana karatasi mbele ya mjumbe. Hilo la mjumbe wengi huliona usumbufu. Nami niliona hivyo, mpaka siku moja shemeji wa mtu alipokuja kwangu usiku na askari mgambo kudai mali iliyouzwa bila yeye kujulishwa, na karatasi ile ikaongea kwa niaba yangu.

Sasa bibi wa Ngamiani.

Nilipelekwa na mjukuu wake niliyemfundisha darasa la tano. Cherehani ilikuwa ndani ya kifuniko chake cha mbao iliyopindwa, kimefungwa, na ufunguo ulipotea zamani hizo. Nikafungua kwa bisibisi bapa. Bibi akasema, "Kumbe walimu mnafundishwa na haya?" Ndani kulikuwa na 28K, namba inaanza na Y, maua ya dhahabu yamezunguka shingo na bamba lote. Ilikuwa ya mavyaa wake. Nilimwambia umri wake, hakushtuka. Alisema alijua ni ya zamani maana mavyaa wake naye alikuwa wa zamani.

Nikakagua, nikaanza kutaja kasoro. Bibi, ni mashine nzuri, lakini haina shato. Kibati cha kufunikia shato hakipo. Mti wa mkono wa kuzungushia umepasuka. Mpira wa kujazia bobini umekauka. Gurudumu ni zito. Na kifuniko hakina ufunguo. Alinisikiliza amefumba macho, akikunja kidole kimoja kwa kila kasoro, na mkono wa kwanza ulipojaa akahamia wa pili.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Laki moja."

Nikasema sitini. Nikaeleza habari ya shato upya, kwa mkono na kwa mchoro mchangani. Akasema, "Laki moja. Na siku ikitengemaa uilete hapa unipindie kanga zangu. Naziona zikiuzwa siku hizi zimepindwa kiwandani, upindo unafumuka kabla ya Idi."

Hakutoa hoja hata moja. Nililipa laki moja, na nikarudi nyumbani na mashine ambayo kwa elimu yangu yote nilijua haiwezi kushona.

Hapo nikaongeza kasoro ya saba kwa mikono yangu. Nilitaka maua yale yang'ae. Nikachukua pamba na spiriti, nikasugua upande wa mbele kwa dakika moja tu. Pamba ikawa ya njano, nikafurahi: uchafu unatoka. Haukuwa uchafu. Nakshi za mashine hizi zimefunikwa kwa vanishi ya kizamani ambayo spiriti huiyeyusha, na vanishi ikiondoka dhahabu iko uchi. Nilipogeuza pamba kwenye mwanga niliona petali zima, na chini ya shingo pamebaki weusi mtupu ukubwa wa kiganja. Mke wangu akauliza kwa nini nimekaa kimya. Sasa natumia mafuta ya cherehani na kitambaa laini, basi, na kisichotoka kwa hayo nakiacha. Ni umri wake.

Nilitafuta shato miaka miwili. Nikauliza mafundi wa Tanga, wa Moshi, wa Mombasa nilipokwenda harusini. Kisha kijana mmoja wa mkokoteni akaniletea picha kutoka Pangani, 28K nyingine, kibati cha mbele kimefunguliwa, na ndani yake ule mtumbwi wa shato unang'aa.

Nilifika pale saa nne asubuhi. Mwenyewe ni mtu wa makamo, mpole, alinikaribisha madafu. Nikauliza ya nani, akasema yake, alirithi peke yake. Nikauliza bei.

"Milioni kumi na tano."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaingia ndani akatoka na simu, akaisogeza karibu na sindano, akapiga namba. "Ikikatika," akaninong'oneza, "ujue imo." Ikakatika. Nami simu yangu ilikuwa haina mtandao tangu nishuke kwenye gari, lakini sikusema.

Ilikuwa ile hadithi ya zebaki nyekundu. Nimekutana nayo mara nyingi kuliko ninavyokutana na mashine nzima. Mwaka 2009 uvumi ulilipuka Saudia kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani ya sindano, dawa ya kila kitu tangu bomu hadi kufukua hazina, na jaribio lenyewe ndilo hilo la simu. Watu walinunua cherehani mbovu kwa makumi ya maelfu ya riyali hadi polisi wakatoka kusema ni utapeli. Pwani yetu na nchi zile ni mtu na binamu yake. Huyu alipigiwa na jamaa yake wa Jeddah na hajawahi kupigiwa tena kuambiwa kwamba ile habari ilikufa.

Nilijitahidi. Nikamtolea sindano, nikamwonyesha ni chuma tupu, haina hata shimo la ndani, na madukani inauzwa kwa shilingi mia chache. Nikamweleza kwamba ndani ya mashine hii kuna chuma, rangi na mafuta ya nazi ya mama yake. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza, "Mwalimu, kama hakuna kitu, umetoka Tanga kufuata nini?"

Sikuwa na jibu. Ningemwambia nimefuata shato ya shilingi elfu kumi, nimepanda gari alfajiri, nimekosa vipindi viwili, ili nikapinde kanga za bibi ambaye si wa ukoo wangu? Zebaki ilikuwa na mantiki zaidi.

Nilirudi mara ya pili, milioni kumi na mbili. Mara ya tatu, karibu mwaka baadaye, alinipokea bila madafu. Wapwa zake walikuwa wamekuja kutoka Dar es Salaam na mtu anayejua "kuitoa." Cherehani ilikuwa ndani ya beseni. Walianza na bisibisi wakamaliza na nyundo. Shingo vipande viwili, gurudumu limekatika, maua ya dhahabu yametawanyika kama maganda ya mayai. Nimefanya kazi hii muda mrefu na nimeona kutu ya kila aina, lakini sikuwahi kuona mashine iliyouawa kwa tamaa ikiwa nzima. Nilikaa kwenye mkeka kwanza.

Nikaomba kuchambua beseni. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kitambaa, ilikuwemo shato, na bobini mbili nyembamba. Nikaipangusa kwa shati langu. Haikuwa na mkwaruzo.

Akasogea karibu, akashusha sauti. "Sasa mwalimu, hicho kidude ndicho chenyewe?"

Nikaifungua mbele yake. Nikamwonyesha tumbo lake tupu, nikatia bobini, nikavuta uzi ukatoka kwenye kitundu. Akaichukua, akaitikisa sikioni, akanirudishia. Nilimpa 20,000. Alitaka kukataa, nikaacha noti kwenye mkeka chini ya kikombe, na kile kibati cha kufunikia nacho nikakibeba.

Jumamosi iliyofuata shato iliingia mahali pake kwenye mashine ya bibi na kupita mbele na nyuma bila sauti. Mti wa mkono niliuunga kwa gundi na kuufunga uzi usiku mzima. Mpira wa kujazia nilikata kutoka kwenye bomba la baiskeli, hapa Tanga bomba la baiskeli halikosekani. Gurudumu lilikwisha kuwa jepesi siku nyingi.

Bibi alikuwa amezeeka kwa hiyo miaka mitatu hivi, ila si upande wa ulimi. Alikuwa ameziweka doti tatu, bado hazijakatwa, zimekunjwa kwenye kiti kana kwamba nilichelewa nusu saa. Nikazikata, nikazipinda kanga zote sita pale barazani, watoto wa jirani wakigombania kuzungusha mkono. Alichukua ya kwanza akaupitisha upindo wote kwenye kidole gumba, kona hadi kona, akaisogeza pembeni. Akafanya hivyo kwa zote.

"Unaiuza bei gani?"

"Nini, bibi?"

"Mashine."

Hilo sikulitarajia. Nilimwambia kwamba mtu wa nje angelipa laki tatu na nusu. Yeye ni mama yangu, basi laki mbili, ambayo kwa safari za Pangani pekee hainirudishii nauli.

Akavaa miwani. Akaivuta cherehani karibu, akaigeuza, akaanza kukunja vidole. "Kifuniko hakina ufunguo. Mti wa mkono ulipasuka, umeubandika gundi. Mpira huu ni wa baiskeli, si wake. Gurudumu lilikuwa zito, wewe mwenyewe ulisema, na kizito hurudia uzito wake. Kibati hiki si chake, naona rangi haifanani." Akahamia mkono wa pili. "Shato ya mashine nyingine." Akapitisha kidole chini ya shingo, pale peusi. "Na hapa palikuwa na maua nilipokupa."

"Umemaliza, bibi?"

"Nimemaliza."

"Laki mbili."

"Sabini," akasema, na akamwita mjukuu wake abandike maji ya chai.